Malalamiko kuhusu programu ya kugeuza rekodi za sauti kuwa staili za kinanda

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: STAILI ZISIZOFUATA KODI ZA MUZIKI, NA OMBI LA KURUDISHIWA FEDHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpiga kinanda, na ni mteja wenu niliyenunua leseni kamili ya programu ambayo, kwa maneno yenu wenyewe, hupokea rekodi yoyote ya muziki na kuitoa ikiwa staili kamili, tayari kupigwa kwenye kinanda cha arenja, yaani kinanda cha umeme chenye bendi ya ndani inayomsindikiza mpigaji. Nimeitumia kwa wiki tatu, nikaipa rekodi sita, na sikupata hata staili moja ambayo ningethubutu kuipiga mbele ya wasikilizaji. Niliwaandikia mara mbili kabla ya barua hii. Mara ya kwanza nilijibiwa kwamba rekodi zangu hazina ubora wa kutosha, na mara ya pili kwamba fedha hazirudishwi kwa kuwa namba ya leseni imeshatumika. Kwa kuwa majibu yote mawili hayakugusa nilichokilalamikia, naomba mnivumilie nieleze kwa urefu zaidi.

Rekodi hizo ni za kikundi chetu wenyewe. Zina besi, gitaa la rithimu, tumba, manyanga na drami, na zilirekodiwa kwa utulivu, kila chombo kikisikika vizuri. Mpiga gitaa wetu ameshaacha kupiga, nami nilitaka mkono wake, namna anavyochelewesha kidogo pigo la pili na kuliwahi la nne, ubaki ndani ya kinanda changu ili niweze kuendelea kuimba juu yake. Nasema haya ili mwelewe kwamba sikuinunua programu hii kwa majaribio ya kupitisha muda.

Staili na rekodi ni vitu viwili tofauti, na hapo ndipo lilipo kosa la programu yenu. Rekodi husema kile kilichopigwa siku ile na hurudia hichohicho daima. Staili ni bendi inayosikiliza mkono wa kushoto: nikishika kodi ya F, yaani noti zake kadhaa kwa pamoja, besi na gitaa vinapaswa kuhamia F, nikishika A maina vinapaswa kuwa A maina, na visitoke hapo mpaka mimi nitoke. Ndiyo maana watengenezaji wa staili hurekodi kila kipande juu ya kodi moja tu, ambayo katika staili za Yamaha kwa kawaida ni C meja saba, kisha ndani ya faili huandika kanuni zinazokieleza kinanda jinsi ya kuzibadilisha noti hizo mpigaji anapobadilisha kodi. Zipo kanuni zinazohamisha noti zote kwa umbali uleule, na zipo zinazoziacha karibu na zilipokuwa, kama mpiga gitaa anavyobadilisha vidole bila kuuhamisha mkono mzima. Faili isiyo na kanuni hizo, au yenye kanuni zilizojazwa ovyo, haistahili kuitwa staili hata kama kinanda kinakubali kuifungua.

Chukueni rekodi ya kwanza. Ni vipimo vinne, yaani vipande vinne vyenye mapigo sawa, kwa kasi ya mapigo 104 kwa dakika, na kodi zake ni C, A maina, F na G, kipimo kimoja kwa kila kodi. Programu yenu ilivichukua vipimo vyote vinne jinsi vilivyo, ikaviandika kana kwamba vyote vilipigwa juu ya C. Niliingiza faili kwenye kinanda, nikashika C meja kwa mkono wa kushoto na kutulia. Besi haikutulia. Ilianza C, ikaenda A, ikashuka F, ikapanda G, ikarudi C, wakati mkono wangu haujasogea hata kidogo. Nilipohamia D, safari ileile ikaanza upya toni moja juu zaidi: D, B, G, A. Mwimbaji anayesindikizwa namna hiyo hawezi kuimba wimbo wowote isipokuwa ule uliorekodiwa, na kwa huo tayari tunayo rekodi.

Kisha nikashika C maina. Gitaa likaendelea kupiga E, ilhali kodi niliyoshika inadai noti iliyo nusu toni chini yake, yaani E bemoli. Noti hizo mbili zikisikika kwa pamoja zinaumiza sikio la mtu yeyote, awe amesomea muziki au hajausomea. Nilipoifungua faili kwa programu ya kuhariri staili, nilikuta sehemu ya gitaa imewekewa kanuni ya kuhamisha noti bila kugusa umeja au umaina wake. Hilo si jambo la ubora wa rekodi, kwa sababu hata rekodi iliyofanywa katika studio bora kuliko zote ingewekewa kanuni hiyohiyo na ingetoa kosa hilohilo.

Kwa upande wa ngoma, hali ni mbaya zaidi. Katika General MIDI, mpangilio wa pamoja wa namba za sauti kwenye vinanda vya umeme unaotumika tangu mwaka 1991, kila ngoma ina namba yake: ngoma kubwa ya mguu ni 36, sneya ni 38, haihati iliyofungwa ni 42. Namba hizo hazipaswi kuhamishwa kamwe kodi inapobadilika, maana ngoma haina meja wala maina. Programu yenu imeziacha sehemu za ngoma zifuate kodi kama vyombo vingine. Nikishika C, ngoma kubwa inalia mahali pake. Nikishika D, 36 inageuka 38, na pale nilipotarajia mguu nasikia sneya. Nikishika F inakuwa 41, yaani tomu ya chini kabisa. Nilirudia jaribio hili mara nyingi usiku ule, C kisha D, C kisha D, kwa kuwa sikuamini kwamba kampuni inayouza chombo cha kutengeneza staili ingeweza kukosea katika jambo hili. Tumba, ambazo zina namba zake kuanzia 62 hadi 64, programu imezifanya tomu, na manyanga imeyafanya haihati.

Naelewa kwamba kuzitambua noti ndani ya rekodi yenye vyombo vingi ni kazi ngumu, na sitaki nionekane nadai miujiza. Uzi wa A wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutetemeka mara 55 kwa sekunde, lakini ndani ya sauti hiyohiyo mna mitetemo ya 110, 165, 220 na 275. Ule wa 165 ni E, na ule wa 275 unakaribia sana C kreshi, yaani noti iliyo nusu toni juu ya C. Ndiyo maana katika kipimo cha pili, penye A maina, faili yenu imempa mpiga gitaa noti ya C kreshi ambayo hakuipiga: ilikuwa mwangwi wa besi. Kosa la aina hiyo ningelisamehe na kulifuta kwa mkono, kama tangazo lenu lingesema kwamba matokeo ni rasimu inayohitaji kusahihishwa. Tangazo halisemi hivyo. Linasema “rekodi yoyote” na “tayari kupigwa”.

Kuna jambo jingine linalonifanya niamini kwamba mteja ananyimwa nafasi ya kujua anachonunua. Toleo la majaribio haliruhusu kutoa faili, bali humchezea mteja matokeo ndani ya kompyuta, juu ya kodi zilezile za rekodi, huku sauti ya rekodi yenyewe ikiendelea kusikika chini yake. Kwa utaratibu huo hakuna kosa hata moja kati ya niliyoyaeleza linaloweza kusikika kabla ya kulipa. Mnapokataa kurudisha fedha kwa sababu namba ya leseni imetumika, mnakataa kwa sababu ya hatua pekee ambayo ingemwezesha mteja kugundua kasoro.

Ili msinijibu tena kwamba tatizo ni rekodi au kinanda, nilikaa jioni mbili nikaitengeneza staili hiyo kwa mkono. Niliisikiliza rekodi ileile, nikapiga upya mistari ya besi na gitaa juu ya C meja saba peke yake, nikaziweka ngoma kwenye chaneli (njia za vyombo ndani ya faili) ya 9 na ya 10 bila kuruhusu zihame, besi kwenye ya 11, gitaa kwenye ya 12. Kwenye kinanda kilekile inafuata kila kodi ninayoshika. Nimeambatanisha rekodi, faili iliyotolewa na programu yenu na faili niliyoitengeneza mwenyewe. Mfungue zote mbili, mshike C, C maina na D, na msikilize.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe fedha zangu zote ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii, nami nitaifuta programu na kuirejesha leseni. Naomba pia maneno “rekodi yoyote” na “tayari kupigwa” yaondolewe kwenye tangazo mpaka yatakapokuwa kweli, na toleo la majaribio limruhusu mteja kushika kodi anazotaka, bila rekodi kupigwa chini yake. Kuhusu programu yenyewe, mkizifunga ngoma zisihame, na mkampa mtumiaji nafasi ya kutaja kodi ya kila kipimo na kuchagua kipimo kimoja tu cha kujengea staili, mtakuwa mmeondoa sehemu kubwa ya makosa haya. Nisipopata jibu katika muda huo, nitalipeleka shauri hili kwa mamlaka inayolinda haki za watumiaji, pamoja na faili zote tatu.

Wenu mwaminifu,

Mteja wenu, mpiga kinanda