Barua kwa mpwa wangu wa Dodoma anayetaka kuanzisha jarida la sanaa na mitindo

Marahaba, mpwa wangu.

Umeniambia jina la jarida, umenitajia mpiga picha na wanamitindo watatu. Hujaniambia litakuwa na kurasa ngapi. Tuanzie hapo, maana jarida kwanza ni karatasi iliyokunjwa, na hata yale unayoyahusudu yalipata sura zake kutokana na karatasi ambayo wenyewe waliweza kuilipia.

Chukua i-D. Mwaka 1980, Terry Jones, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa sanaa wa Vogue ya Uingereza, alitoa London kijarida kilichobanwa kwa pini za stepla, maandishi yake yamepigwa taipu. Vijana wa mtaani walisimamishwa ukutani wakapigwa picha wima, kichwa hadi viatu, na pembeni ikaandikwa walichovaa. Basi. Pozi hiyo imeigwa dunia nzima. Hata jina lenyewe, ukiligeuza ubavu, ni uso unaokonyeza na kutabasamu, na ndiyo maana kwenye kava zake mtu huwa amefumba au amefichwa jicho moja.

Revue Noire ilishika njia nyingine. Jean Loup Pivin, Simon Njami na wenzao waliianzisha Paris mwaka 1991: umbo kubwa, Kifaransa na Kiingereza pamoja, wasanii na wapiga picha wa Afrika wakichapwa kwa heshima ambayo majarida ya Ulaya hayakuwa yamewapa. Ilitoka kwenye karatasi kwa takribani miaka kumi. Kwangu mimi ndilo jarida lililotufaa zaidi Waafrika. Lakini kwa mfuko wako, iga i-D ya mwanzo. Ukuta wa bati pale Majengo unatosha kuwa studio, na fundi cherehani aliyeshona gauni atajwe kwa jina pembeni ya picha.

Sasa hesabu. Jarida la kubana kwa pini lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4. Panga 48 za ndani na 4 za kava. Ndani tumia karatasi yenye uzito wa gramu 115 au 130 kwa mita ya mraba, kava gramu 250. Kwa ukubwa wa A4, hiyo ni A3 kumi na mbili zilizokunjwa, ukiacha kava. Nakala 500 ni karatasi 6,000, na uongeze asilimia 5 hadi 10 za kuharibika wakati mashine inatafuta rangi. Mashine ya ofseti inayochapa A4 nane kila upande itahitaji pleti 24 kwa kurasa za ndani (pleti ni bamba la kuchapia, moja kwa kila wino wa kila upande, na wino ni nne), na bei ya pleti ni ileile uchape nakala 300 au 3,000. Kwa nakala mia moja au mbili, nenda mashine ya dijitali.

Mwambie mpiga chapa mkunjo wa kava ufuate mkondo wa nyuzi za karatasi. Ukiupinga, wino unapasuka kwenye mgongo na mstari mweupe unatokea. Kiangazi cha Dodoma kinazidisha tatizo hilo, kwa sababu karatasi ikikauka sana inakuwa kavu kama jani la mahindi. Iache ndani ya kifungashio chake hadi siku ya kuchapa. Jambo jingine: kurasa za katikati husukumwa nje zinapokunjwa pamoja, na kwa unene huo zitazidi kwa zaidi ya milimita moja, kisha kisu kitazila. Namba ya ukurasa ikae walau milimita 10 kutoka ukingoni.

Picha ndizo zitakazokutoa jasho. Ukurasa mzima wa A4, pamoja na milimita 3 za kukatwa kila upande, unadai picha ya pikseli 2,551 kwa 3,579. Picha iliyopitishwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na haifiki hapo, kwa hiyo omba itumwe kama dokumenti. Rangi ya chungwa ya kitenge inayowaka kwenye simu itafifia, kwani wino nne za mashine (samawati, majenta, njano na nyeusi) haziwezi kuitoa yote. Usipigane nayo, chapa prufu kwenye karatasi ileile uone kilichobaki.

Ngozi nyeusi inataka uangalifu kuliko nguo. Kwenye karatasi isiyong'aa wino husambaa, na kivuli cha shavu hugeuka doa lisilo na umbo. Inua vivuli kidogo kabla ya kuchapa, na jumla ya wino nne mahali penye giza, kila moja ikihesabiwa hadi asilimia 100, isizidi asilimia 300. Piga picha kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Jua la mchana likipiga ule udongo mwekundu, linarudisha wekundu chini ya kidevu, na kuuondoa ni kazi ya usiku kucha.

Usisahau leseni ya chapisho kutoka Idara ya Habari (MAELEZO), chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Na kila toleo liandikwe namba, mwezi, mwaka, mpiga chapa, idadi ya nakala. Nakala mbili peleka maktaba ya mkoa.

Leo usiku kunja karatasi 13 za A4 katikati, zipachike pamoja, uandike namba 1 hadi 52 kwa penseli, na kwenye kila ukurasa kitakachokaa hapo. Ndani ya kijitabu hicho, kurasa za 26 na 27 tu ndizo zinazotazamana zikiwa kwenye karatasi moja isiyokatika. Kwingine picha pana itaungwa kutoka karatasi mbili, na rangi zinaweza zisilingane. Kwa hiyo ile picha ya michoro ya miambani ya Kolo uliyotaka ienee kurasa mbili, iweke hapo. Kisha nitumie kijitabu nikione kabla hujaongea na mpiga chapa.

Mjomba wako