Hizo dakika 20 zenu zinaanzia saa ngapi?

Mhariri,

Salamu kwako na wote hapo ofisini. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti mara nyingi nalisoma kwenye daladala likiwa limeshapita mikono mitatu, ila nalisoma, na ukurasa wa mapishi ndo naufungua wa kwanza kabla hata ya michezo. Leo nina neno kidogo kuhusu huo ukurasa, naomba msinikasirikie.

Juzi mlitoa pishi la "haraka haraka kwa siku za kazi", halina nyama wala samaki, dakika 20 limeiva. Nikafurahi maana hilo ndo eneo langu kabisa. Naanza kusoma: chukua vikombe viwili vya maharage yaliyochemshwa, chukua kikombe cha tui zito, chukua mafungu mawili ya mchicha uliochambuliwa na kukatwakatwa. Jamani! Nachukua wapi? Nani kachemsha, nani kakuna hiyo nazi, nani kakaa na huo mchicha anatoa mizizi na mchanga? Kazi yote mmeificha kwenye neno "chukua" halafu mkaanza kuhesabu dakika pale ambapo mtu ameshachoka.

Ngoja nikueleze jioni yangu ilivyo, na najua sio yangu peke yangu. Natoka kazini mjini saa 11 na nusu, mpaka nipate gari, mpaka foleni iachie, nashuka Chanika saa 2 kasoro siku ambayo Mungu amenihurumia. Pale stendi akina mama wanauza mboga kwa mwanga wa tochi, unachagua nyanya huku unaziminya minya maana rangi huioni. Nyumbani kuna watoto wawili, mmoja ana homuweki ya hesabu anataka nikae naye, mwingine ana miaka minne, na huyo ndo saa yangu ya ukutani, ikifika saa 3 kasoro robo chakula hakijaiva analala kwenye kochi na njaa yake na hata umuamshe vipi hali. Kwa hiyo nina kama dakika 40, na humo humo kuna kuvua viatu.

Sasa nilichogundua baada ya miaka ni kwamba moto haumli mtu muda hata kidogo, muda unaliwa na kuchambua. Mchicha ukishaingia sufuriani ni dakika 5 tu lakini kabla ya hapo nauosha maji matatu na bado unaweza ukakuta kamchanga kanalia kwenye jino. Majani ya maboga ndo mboga naipenda kuliko zote duniani lakini kila jani lina nyuzi zake za kuvuta, moja moja, hiyo ni mboga ya Jumamosi mchana na redio pembeni. Kisamvu usinitajie siku ya kazi, kile ni cha kutwangwa na kuchemshwa sana, na sio suala la ladha tu, majani ya muhogo mabichi yana sumu ambayo inaondoka kwa kutwanga na kuchemsha vizuri, hivyo mtu asikuambie kuna kisamvu cha dakika 10.

Jumanne na Jumatano zangu kwa hiyo ni za bilinganya, kabichi, bamia, nyanya chungu na chainizi. Vitu ambavyo unasuuza, unapiga kisu, basi. Bilinganya hasa. Nakata vipande vinene, simenyi, nasubiri mafuta yapate moto kweli kweli ndo natia, maana bilinganya ni kama sponji, ukiitia kwenye mafuta ya vuguvugu inakunywa chupa nzima na bado inakuangalia. Ikishabadilika rangi naitoa pembeni, naweka kitunguu, kitunguu saumu, nyanya tatu, chumvi, binzari kidogo, nyanya zikishalainika bilinganya inarudi. Halafu karanga za kusaga, vijiko viwili vikubwa, nimeshazikoroga na maji ya uvuguvugu kwenye kikombe, usizitupe kavu zitafanya madonge. Funika, moto mdogo. Wakati huo upande wa pili wa jiko ugali unasongwa. Nimepima kwa simu siku moja kwa hasira baada ya kusoma lile pishi lenu: dakika 27 tangu niliposhusha mkoba. Na zile dakika 2 za mwisho nilikuwa nautafuta mwiko.

Karanga ndo zimeniokoa kwenye habari ya nazi. Mi mtu wa Pwani, nazi naijua, tui la pili linapikia, tui zito linaingia mwisho na unakoroga bila kuacha mpaka lichemke lisije likakatika, ile kazi inataka mtu aliyetulia. Saa 2 usiku sijatulia. Tui la pakiti lipo lakini kwa bei yake nanunua karanga za wiki nzima. Nazi naiweka wikiendi, na mbaazi.

Tuje kwenye maharage, maana hapo ndo watu wengi wanashindwa wanaishia kununua chipsi barabarani. Maharage kwangu yanapikwa mara moja kwa wiki. Jumamosi usiku naloweka kilo nzima, Jumapili asubuhi namwaga yale maji, naweka mapya, yanaingia kwenye presha kuka wakati tunajiandaa kwenda kanisani. Hiyo presha kuka niliinunua zamu yangu ya mchezo ule wa kuchangiana hela ilipofika, mume wangu alidhani ntanunua kitenge. Yakiiva nayaacha bila chumvi bila chochote, nagawa kwenye makopo ya aiskrimu, matatu, moja frijini la Jumatatu, mawili yanaganda juu. (Yule mdogo ameshalia mara mbili mbele ya friji baada ya kufungua kopo la vanila akakuta maharage, nikajifunza kuandika kwa makapeni, hajui kusoma, analia bado.) Siku ya siku naunga tu, kitunguu, nyanya, karoti, hoho, kama kuna tangawizi sawa, robo saa umemaliza. Haya ndo maharage "yaliyochemshwa" mnayosema tuchukue, sasa mngetuambia hivyo mapema, kwamba pishi linaanza Jumamosi.

Hapa niungame. Kabla ya presha kuka niliona video kwenye simu, mtu anaonyesha maharage mekundu unayatia kwenye chupa ya chai, unamimina maji ya moto, unafunga, asubuhi yameiva bila gesi. Nikasema huyu ni malaika. Nikafanya, jioni nikayaunga haraka haraka, yalikuwa na ugumu kidogo katikati lakini nikajipa moyo, tukala. Usiku ule nyumba nzima tulipanga foleni chooni, baba watoto alitapika mpaka akashika ukuta. Baadae dada mmoja wa zahanati akanielewesha kwamba maharage hasa mekundu yana sumu yake ya asili, inaondoka kwa kuchemka haswa, yale maji yatokote yenyewe kwa angalau dakika 10 na sio kupashwa pashwa tu, na kwamba maharage yaliyoiva nusu yanaweza hata kuwa mabaya kuliko mabichi. Kwa hiyo ndugu wasomaji chupa ya chai iacheni iwe ya chai.

Ambaye hana friji nae ana njia. Choroko hazihitaji kuloweka, nusu saa na ushee zimelainika (wenzetu wa Kenya wanaziita ndengu, nilibishana na mkenya mmoja kazini wiki nzima kumbe tunasifia kitu kimoja). Na kuna zile adesi nyekundu zilizopasuliwa, kule Kisutu kwenye maduka ya Wahindi utazipata, hizo ni robo saa tu zimeshakuwa uji mzito, unapiga saumu na bizari nzima kwenye mafuta ya moto unamwagia juu, shaaa, wali unaisha wenyewe. Wahindi wasiokula nyama wapo hapa mjini na wazazi wao na mababu zao, wanapika hivi kila siku, wala hawaiti "mlo mbadala". Hata sisi kina fulani tukiwa kwenye Kwaresma, na majirani zetu Wasabato, na futari ya Waislamu yenye magimbi na mihogo na kunde, nyama inakaa pembeni na hakuna anayelia. Ikifika Jumatano ya kawaida ndo tunaona aibu.

Maana aibu ipo, tusidanganyane. Tatizo limeanzia kwenye neno lenyewe, kwetu nyama nayo ni mboga. Mtu anauliza leo mboga nini, unasema kuku, anafurahi. Baba watoto mwanzoni nilikuwa nikiweka maharage na kabichi ananiuliza taratibu, "Mama, mboga iko wapi?" na mboga ziko mbili mbele yake. Sasa hivi kashazoea, ila alizoeshwa na dada yake. Wifi yangu alinifikia ghafla siku ya kazi katikati ya wiki, saa 2 na nusu, sina hata yai. Nilikuwa na ndizi mbichi, bamia, na kopo moja la kunde. Moyo unanidunda, nikataka kumtuma mtoto kwa mchoma mishikaki. Wifi akasema, "Wewe, kaa, kwani nimekuja kula ng'ombe?" Nikachemsha ndizi, nikaunga kunde na karanga, bamia nikazikaanga kavu kavu na ndimu zisivute. Kala, karudia, akaniuliza zile bamia nimefanyaje. Kaka yake akawa kimya anatafuna. Tangu siku hiyo sijaulizwa mboga iko wapi.

Hiyo ndimu niiseme vizuri. Nilipokuwa na mimba ya huyu wa pili damu ilishuka, kliniki wakaniambia madini ya chuma kwenye maharage na mboga za majani mwili unayapata vizuri ukila na kitu kichachu, ndimu, chungwa, nyanya mbichi, na chai nisinywe juu ya chakula maana inazuia. Kwa hiyo kachumbari kwenye meza yetu sio mapambo, na chai tunakunywa asubuhi. Mbona hayo hamuandiki kwenye pishi?

Kitu kingine. Serikali mwaka 2024 ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ikifika 2034. Vizuri. Lakini mtaani kwetu naona mtu ana mtungi wa kilo 6 wa kuchemshia chai, maharage bado anayapeleka kwenye mkaa kwa sababu anaogopa yatamlia gesi yote. Na mi nilikuwa hivyo hivyo. Gazeti likituandikia kwamba maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanachukua muda gani kwenye presha kuka, na yale ambayo hayajalowekwa muda gani, mtu akapiga hesabu yake, mngekuwa mmemsaidia kuliko biriani la mbuzi la kila Jumapili. Biriani tunalijua, tunalikuta harusini.

Ombi langu basi ni hili, mkiandika pishi la siku ya kazi hesabuni dakika tangu mtu anaweka mkoba chini. Na kama kuna msomaji anajua namna ya kupika nyanya chungu watoto wakala bila kuzichambua na kuzipanga pembeni ya sahani kama kete za bao, tafadhali aandike haraka, msimu huu zimejaa stendi, nanunua fungu kubwa kwa bei ya fungu dogo na nakula peke yangu.

Msomaji wenu,
Mama wa wawili,
Chanika, Dar es Salaam