Ile video niliyokutumia

Mbagala, Dar es Salaam

Kaka Juma,

Salamu nyingi. Huku wazima, Mama Sele sukari imeshuka kidogo, joto ndiyo kama unavyolijua. Mengine utayasikia kwake akija.

Nimeamua kukaa chini niandike barua, maana kule WhatsApp tiki mbili za bluu tangu Jumapili na wewe kimya. Haki yako. Sikia ilivyokuwa. Nimo kwenye daladala la Kariakoo, nimebanwa mlangoni, ikaingia video kwenye grupu la ukoo: moto unaruka angani usiku, chini imeandikwa "Kongo usiku huu, sambaza". Hata mji haukutajwa. Nikatazama nusu, nikaweka emoji tatu za kulia, nikakurushia. Wewe uliyeko Kasulu, unayeshinda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na watu walioikimbia Kongo! Na konda hajanirudishia chenji, mimi nishaanza kucheka na jamaa wa TikTok aliyeteleza na ndoo ya maji.

Juzi mdogo wangu akaniambia, bro, huo ni mchezo wa kompyuta, Arma 3. Nikabisha. Nikaiangalia tena taratibu: giza, picha inatetemeka, na hakuna mtu hata mmoja anayekimbia. Mji unapigwa makombora, hata mbwa hapiti! Kumbe waliotengeneza mchezo huo walishatoa tahadhari tangu 2022 kwamba watu wanausambaza kama vita vya kweli.

Aibu ya kudanganywa itaisha. Kinachonikwaza ni kwamba hata ingekuwa ya kweli, ningefanya yaleyale. Kule El Fasher, Sudan, mwaka 2025, wapiganaji walijirekodi wenyewe wakiua watu. Niliona kidogo, nikapandisha kidole, nikaenda kuangalia Simba wametoka ngapi.

Unaikumbuka ile picha ya Kim Phuc, binti wa Vietnam, kaungua kwa napalm, anakimbia barabarani hana nguo? Ya 1972. Baba yako mdogo aliikata gazetini akaibandika sebuleni, juu ya redio, ikawa ya kahawia kwa moshi. Tulikuwa tunakula tumeipa mgongo, lakini ukigeuka kuchukua maji, yupo. Ile haikuwa na pa kupandishia kidole. Siku hizi mtu analia mbele ya maiti ya mwanawe, na sisi swali la kwanza ni "hiyo si akili mnemba?" Na mimi ndiye nimechangia kulifanya swali hilo liwe la haki, ndiyo maana silali... basi, nalala, lakini nachelewa.

Sasa niambie, yule mzee wa Fizi, kule Kongo, ulimwonyesha? Alisema nini? Au uliifuta kabla hajaiona? Watoto wake wawili waliobaki kule wamepatikana? Nikituma madaftari na nguo kwa basi utaenda kuzipokea mwenyewe, au utamtuma yule mpwa wako mzembe? Na umenuna kweli, au bando tu limeisha?

Wako,
Side