Mshauri wa sheria asikilize kwanza

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu nilipokuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo hapa Morogoro, na sijawahi kukuandikia. Taarifa yenu ya wiki iliyopita kuhusu vijana wa sheria waliohitimu mafunzo ya kuhoji wateja, kujadiliana na kutetea imenishinda kuinyamazia. Siku mbili kwenye ukumbi wa hoteli, vyeti, picha ya pamoja, na mgeni rasmi akatangaza kwamba wanyonge sasa wamepata watetezi. Mwandishi wenu hakumtafuta hata mnyonge mmoja aliyewahi kukaa mbele ya watetezi hao.

Mimi ninaye nyumbani. Binti wa marehemu dada yangu alikuwa akifanya kazi ya usafi mjini hapa. Mama yake alipofariki alikwenda Korogwe kuzika, na aliporudi akazuiwa getini: nafasi yako imeshachukuliwa. Barua hakupewa. Akaenda kwenye dawati la msaada wa kisheria. Kijana aliyempokea akafungua kompyuta, akaandika jina, umri na namba ya simu, kisha akauliza, "Tatizo nini?" Binti akaanza pale anapoanzia mtu mwenye uchungu, kwenye ugonjwa wa mama yake. Hakufika mbali. "Dada, hayo ya msiba tuyaache, tuje kwenye hoja. Mkataba unao?" Hana. "Barua ya kuachishwa kazi?" Hana. "Basi katafute barua kwanza, ndipo uje."

Mhariri, kesi yenyewe ilikuwa ndani ya hayo ya msiba! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyefiwa na mzazi likizo yenye malipo, siku zisizopungua 4. Sheria hiyohiyo inasema mwajiri asipoonyesha mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye, si mfagiaji. Na swali ambalo karani yeyote wa mahakama angeanza nalo, "Ilikuwa lini?", halikuulizwa kabisa, wakati mtu anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 tu tangu aachishwe za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Binti wa watu akawa anakwenda getini kila asubuhi kuomba barua ambayo mwajiri hakuwa na nia ya kuiandika, na siku zinakwisha. Nilipomsindikiza kurudi pale dawatini muda ulikuwa umepita, na kijana sasa kawa mpole: "Mzee, hapa tuombe tu maelewano." Maelewano gani, ikiwa upande wa pili unajua kuhesabu siku? Akaingia kwenye mazungumzo bila kumuuliza mteja wake anataka nini, atakubali kiasi gani na atakataa kiasi gani. Wakatoka na mshahara wa mwezi mmoja. Malipo ya notisi hayakutajwa. Likizo haikutajwa. Cheti cha utumishi, ambacho ni haki yake, hakimgharimu mwajiri chochote na ndicho angeombea kazi nyingine, nacho hakikutajwa. Nilikuwa nimekaa pale pale, nikaambiwa mimi si sehemu ya shauri.

Halafu kuna hili la lugha. Barua ya madai aliyoandikiwa binti ilikuwa ya Kiingereza. Mwandikaji Mswahili, mdai Mswahili, mdaiwa Mswahili, na aliyeweka sahihi hakuweza kusoma anachokidai. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Sisi wa mahakama za mwanzo tulikuwa tukikitumia siku zote na haki ikatendeka. Oktoba 2022, watahiniwa 26 tu kati ya 633 walipofaulu moja kwa moja pale Shule ya Sheria, wanakopikwa mawakili, nchi nzima ilijadili alama na mitihani. Sikusikia mtu akiuliza kama vijana wale wanajua kumsikiliza bibi wa Mvomero mpaka amalize.

Nashauri hivi. Kabla ya cheti, kila mmoja akae miezi mitatu kwenye benchi la mahakama ya mwanzo, na kila Jumatatu ampokee mtu mmoja mwenye shida. Dakika kumi za kwanza kompyuta iwe imefungwa na kalamu iwe mfukoni. Kisha kijana amrudishie mwenye shida habari yote aliyoisikia kwake, kwa Kiswahili, tarehe zikiwemo, na yule aseme "ndivyo" au "sivyo". Akipata "sivyo" tatu, benchi liendelee. Alama zitolewe na aliyehojiwa, mwezeshaji wa hotelini asihusike.

Nawe Mhariri, tuchapishie kila wiki kisanduku kidogo, juu ya matangazo ya zabuni: kupinga kuachishwa kazi, siku 30, madai mengine ya kazi, siku 60. Maandishi yawe makubwa, maana wanaoyahitaji wanasoma gazeti lililofungia vitumbua.

Mzee wa Baraza mstaafu,
Morogoro