Mganga na fundi wa roboti warushe dadu zilezile

Mhariri, salamu. Ukurasa wenu wa michezo naufungua kila wiki na ni mpira mwanzo mwisho, sawa, mpira tunaupenda, ila leo naomba kanafasi kadogo kwa mchezo wa mezani, ule wa kusimulia hadithi huku mnarusha dadu, kila mtu na mhusika wake. Tupo wanne tunatengeneza wa kwetu, ndani yake kuna majini na waganga na humohumo kuna roboti na vyombo vya anga za juu. Mama alivyoona dadu mezani kauliza "mnaliana shilingi ngapi?", nikamwambia hakuna hela hapa mama, hakuamini mpaka alipokaa jioni nzima akaona watu wazima wanagombania jini ambaye hayupo.

Kilichotutesa miezi ni kanuni ya kujaribu ujuzi. Yaani mhusika wako anataka kufanya kitu kigumu, dadu ndo zinasema kaweza au hajaweza. Mwanzo tulijifanya wajanja, uganga ukapewa sheria zake na ufundi zake, eti uchawi sio kompyuta. Weee! Siku moja wamefika kwenye mlango wa chombo, umefungwa kwa programu na ndani ya hiyo programu kuna jini kawekwa mlinzi, sasa huyo anatolewa kwa kisomo au kwa waya? Tulibishana mpaka chai ikapoa na mlango haujafunguka.

Tukafuta zote tukabaki na moja. Wanaocheza ule mchezo maarufu wa aina hii, Dungeons & Dragons wanarusha dadu ya pande 20, huku kwetu kuipata dukani ni kazi, na mi siipendi pia kwa sababu kila namba ina nafasi sawa, asilimia 5, kwa hiyo fundi mkuu anaweza kuchemka kizembe kama mtu aliyeshika bisibisi leo. Sisi tumechukua dadu mbili za ludo. Zina njia 36 za kuanguka, 7 inatoka kwa njia 6 ila 2 na 12 zina njia mojamoja tu, matokeo yanajikusanya katikati na ujuzi wako unaonekana.

Unarusha, unajumlisha, unaongeza ujuzi wako, ukifika 8 umeweza bila kulipa chochote. Asiye na ujuzi ana njia 15, kama asilimia 42 hivi. Ukiongeza 1 tu unaruka mpaka 58, na 3 inakupeleka 83, ndo maana tumeishia hapo. Mwenzetu mmoja alitaka mhusika wake awe na ujuzi wa 5, nikampigia hesabu, atakosa 8 mara 1 tu kati ya 36, sasa dadu unarusha za nini? Kanuna wiki nzima.

Ila sasa mtu atasema kama kanuni ni moja basi mganga na fundi wamekuwa kitu kimoja. Hapana. Jumla yako ikiwa 6 au 7 kwetu umefanikiwa lakini unalipa, na kwenye kulipa ndo kila mtu anabaki na rangi yake: fundi anaunguza betri au kipuri ambacho huko angani hakuna wa kumuuzia, mganga anabaki na deni kwa jini na jini hasahau, anakuja kudai siku ambayo humtaki kabisa. Chini ya 6 umekosa na hali inaharibika zaidi, hakuna kurudia rudia mpaka itoke. Na kama kukosa hakubadilishi chochote tusirushe, fundi mzima kufungua mlango wa choo cha chombo anarushia dadu kweli?

Jambo moja bado halijakaa sawa, kusaidiana. Tukijumlisha ujuzi wa wawili kazi inakuwa rahisi mno, kwa hiyo msaidizi anaongeza 1 tu, na mambo yakienda kombo na yeye analipa. Mwenzetu anasema fundi asiyeamini majini hawezi kumsaidia mganga hata kidogo. Mi naona anaweza, ashike tu taa asimame pale anapoambiwa. Wenye uzoefu nyie mnafanyaje? Andikeni humuhumu, Mhariri akiruhusu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunacheza tena.

Mpenzi wa dadu, Tanga