Dar tunahitaji kituo cha kuokoa wanyamapori, ila kisiwe cha kupigia picha

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo liko rohoni kwangu muda mrefu, nalo ni hawa wanyama wa porini wanaookotwa humu humu mjini kwetu, maana watu wa Dar tukisikia wanyamapori mawazo yote yanaenda Mikumi na Serengeti wakati komba wanalia usiku kwenye miembe ya Mbezi na Goba, tumbili wako huku kwetu upande wa msitu wa Pugu, kenge wako bonde la Msimbazi, na kasa wanapanda kutaga fukwe za Kigamboni. Wote hawa wanagongwa na magari, wanang'atwa na mbwa, wanapigwa mawe, viwanja vikifyekwa mama anakimbia na mtoto anabaki chini. Halafu anatokea mtu mwenye huruma anamwokota, na hapo ndo shida inaanza kwa sababu hajui ampeleke wapi.

Mimi nimefanya kazi ya uhudumu kwenye kituo cha kuokoa wanyama, sio hapa Dar, na sasa naishi Chanika. Majirani wakishajua ulifanya kazi hiyo basi hodi haziishi, wanakuja kuuliza, huyu kapata kobe, yule kaangukiwa na kinda la bundi, na mimi nawaambia kila mara wampigie afisa wanyamapori. Na kila tukikaa kuongelea hili jambo mtu lazima aseme jamani si kifunguliwe kituo, watu walipe kiingilio, watoto wambebe tumbili wapige picha, hela inayopatikana ndo iwalishe hao wanyama. Nia yao ni nzuri kabisa. Kituo nakitaka hata kesho, ila hicho cha kubeba na kupiga picha nakipinga kwa nguvu zote, na naomba nieleze kazi yenyewe ilivyo ndo mtanielewa.

Siku inaanza saa kumi na moja alfajiri na kitu cha kwanza sio chakula, kitu cha kwanza ni kuangalia. Unasimama mbali na banda, kimya, unaangalia nani kashuka na nani kabaki juu amejikunja, nani anachechemea, nani jana alikaa na wenzake leo kajitenga. Unaangalia kinyesi, rangi yake na kama ni kigumu au maji, na yote unaandika kwenye daftari. Mnyama wa porini anaficha ugonjwa mpaka mwisho kabisa kwa sababu huko porini akionyesha udhaifu analiwa, kwa hiyo ukisubiri alale chini ndo useme anaumwa umeshachelewa. Sasa hebu fikiria kama asubuhi hiyo kuna watu kumi wamejazana kwenye wavu wanampigia miluzi, wewe utaona nini?

Baada ya hapo ni ufagio na ndoo. Yaani watu wakifikiria hii kazi wanaona mtu kamkumbatia nyani mdogo, kumbe nusu ya siku unasugua sakafu, unafua matambara, unaosha vyombo kwa maji ya moto, unabadilisha dawa kwenye beseni la kukanyagia kabla ya kuingia banda la wagonjwa. Jikoni mnakatakata viazi vitamu, papai, mboga za majani, karanga kidogo, na chakula hakimwagwi kwenye sahani, kinafichwa, kingine kinafungwa kwenye matawi juu, kingine ndani ya majani makavu, kwa sababu tumbili huko kwao sehemu kubwa ya siku inaisha akitafuta chakula na ukimpa kila kitu mkononi akili inalala, anaanza kujing'oa manyoya. Komba nao ni wa usiku, wanakula wadudu na matunda na utomvu wa miti kama migunga, kwa hiyo wengine mkienda kulala kuna mwenzenu ndo kwanza anaingia zamu na kopo la panzi.

Nikuambie kuhusu kinda la bundi. Lililetwa limenona, limefungwa kwenye kanga, aliyelilea alilipenda kweli kweli na alikuwa analipa nyama ya ng'ombe ya kusaga, kila siku, nzuri ya kununua buchani. Miguu ilikuwa imepinda kama upinde. Nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha ya kujenga mifupa, bundi anatakiwa ale panya mzima na mifupa yake na manyoya yake, halafu baadaye anatapika kidonge cha manyoya na mifupa iliyobaki, ukikiona kidonge hicho chini ya kijiti anachotulia asubuhi unajua tumbo linafanya kazi. Kwa hiyo tulikuwa tunakata panya, tunampa kwa koleo ndogo, uso tumeuficha kwa kitambaa na hatusemi neno, kwa sababu kinda likikua linaona uso wa mtu ndo wa mama yake basi limekwisha, likifunguliwa litaenda kutua begani kwa mtu. Na mtu huyo kwetu Uswahilini atafanya nini bundi akimtulia begani? Mnajua wenyewe, wengi bado wanaamini ni uchuro, atapigwa fimbo afe. Kumzoesha bundi watu ni kumuua, na anayemuua ni yule yule aliyempenda.

Watoto wa paa ndo wananiuma zaidi. Mtoto wa paa anatakiwa apate joto kwanza kabla ya maziwa, akiwa wa baridi ukimnywesha tumbo halisagi, unamwekea chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitenge, unasubiri masikio yapate moto. Halafu maziwa kidogo kidogo, akiwa amesimama au amelala kifudifudi, sio chali kama mtoto wa binadamu maana maziwa yanaingia kwenye mapafu. Akimaliza unachukua pamba yenye maji ya uvuguvugu unamfuta taratibu nyuma, kama mama yake anavyomlamba, bila hivyo hakojoi wala hapati choo... kazi hiyo usiku na mchana, watu wawili tu wanaojulikana, hakuna mwingine kuingia. Na paa aliyekimbizwa na watu au mbwa anaweza kuonekana mzima kabisa leo, anasimama, anakula, halafu siku chache mbele anaanguka anakufa kwa sababu zile mbio na hofu zimeshaharibu misuli yake kwa ndani. Hana kidonda hata kimoja. Ndo maana mimi kelele na kushikwashikwa sivichukulii kama mambo madogo.

Na tumbili wa kufungwa kamba. Huyu anachukuliwa mdogo, anafungwa kamba kiunoni, anakua, kamba haikui. Inaingia kwenye ngozi mpaka huioni, unaona mstari tu na harufu, daktari lazima amlaze kwa sindano aitoe kipande kwa kipande. Na akipona bado, hamjui tumbili mwenzake, hajui kusalimia, hajui nani mkubwa wa kundi, inabidi awekwe pole pole na wengine, mpaka waunde familia, halafu waachiwe wote pamoja kwenye msitu ambao hauna kundi lingine linalomiliki eneo. Hiyo ni miaka. Mtu akija akambeba kwa picha ya dakika mbili anarudisha nyuma kazi ya miezi. Tena kuna magonjwa, mafua na kifua kikuu chetu vinawaingia hawa wanyama, na akikung'ata yeye kuna pepopunda na kichaa cha mbwa.

Najua mtauliza hela itatoka wapi bila hiyo picha. Tuangalie majirani zetu Nairobi, pale kwa Sheldrick, wanalea ndama wa tembo waliofiwa na mama zao tangu miaka ya 1970. Umma unaingia saa moja tu kwa siku, watu wanasimama nyuma ya kamba, basi. Hela nyingi wanapata kwa watu kumlipia mtoto wa tembo matunzo kwa mwaka, mtu yuko zake mbali anatumiwa taarifa za yule wake anavyoendelea. Na hao wahudumu wanalala na ndama usiku, kila baada ya masaa matatu chupa, ila wanabadilishana zamu makusudi ili ndama asimng'ang'anie mtu mmoja, maana mtu huyo akienda likizo ndama anaweza kususa kula mpaka afe. Wakikua wanapelekwa Tsavo wakajiunge na tembo wa porini. Jambo moja lililonifurahisha sana, Daphne Sheldrick, mama aliyeanzisha kituo hicho, alihangaika miaka mingi kutafuta maziwa ya kuwafaa wale wadogo, wakawa wanakufa, na kilichokuja kuokoa ni mafuta ya nazi. Nazi! Sisi watu wa pwani tuna kila kitu.

Na asije mtu akasema hapa Dar hatuwezi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, kimelea chura wa Kihansi. Hawa ni vyura wadogo wadogo waliokuwa wanaishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi tu, hawapo kwingine duniani, na hawatagi mayai, wanazaa. Bwawa la umeme lilipopunguza maji manyunyu yakaisha, na ugonjwa wa fangasi ukawaingia. Mwaka 2000 vyura 499 wakapelekwa Marekani kulelewa, mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini wamekwisha, na mwaka 2010 vyura 100 wakarudishwa kwenye chumba maalum pale chuoni, chenye joto lao, unyevu wao, wadudu wadogo wa kuwalisha. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Watu wangapi wa Dar wanajua hilo limefanyika mjini kwao? Wachache sana, kwa sababu hakukuwa na maonyesho, kulikuwa na watu wanafuga wadudu na kupima unyevu kila siku. Hicho ndo kituo ninachokisema mimi.

Niongeze la kakakuona maana nalo linanisumbua. Akionekana mahali desturi yetu tunaijua, anawekewa jembe, maji, nafaka, silaha, watu wanajaa kuona atakwenda kwenye kipi ili mwaka utabiriwe. Siwadharau wazee na mila zao. Lakini yule mnyama anakula sisimizi na mchwa tu, anaokota mwenyewe kwa ulimi kwa kutembea masaa mengi, akifungiwa na kuzungukwa na watu anajikunja hali chochote, na kila siku anayokaa hapo anaisha. Mwaka 2016 nchi za dunia zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kakakuona wa aina zote, wanawindwa hivyo. Tukimpata huku kwetu tumpishe, apewe afisa wanyamapori siku hiyo hiyo arudi porini usiku.

Sheria iko wazi, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inasema hawa wanyama ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, kumfuga bila kibali ni kosa hata kama umemwokota kwa huruma. Sasa mtu akiogopa sheria anafanya nini, anamficha ndani, anampa mkate na maziwa ya pakiti, mnyama anaharisha anakufa, na hakuna anayejua. Kwa hiyo naomba TAWA, yaani mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, na jiji wakae na watu wa mifugo na chuo cha kilimo cha Sokoine, SUA, watenge eneo upande huu wa Pugu au Kisarawe, sio kubwa, chumba cha karantini, chumba cha daktari, mabanda machache yaliyozungushiwa miti watu wasiyaone, jiko, na wahudumu wanaolipwa mshahara unaoeleweka, maana hii kazi ya alfajiri huwezi kuifanya kwa kujitolea miaka yote. Shule zije, ndiyo, ila wakae darasani waonyeshwe video na kile kidonge cha bundi wakipasue waone mifupa ya panya, watoto wanapenda sana hilo, hakuna haja ya kumshika bundi.

Na wakati tunasubiri, wasomaji mkimkuta mnyama ameumia mwekeni kwenye boksi lenye matundu, gizani, pasipo na redio wala watoto, msimpe chakula, msimmiminie ndege maji mdomoni maana yanaingia kwenye mapafu. Kinda lenye manyoya linalorukaruka chini liacheni, linajifunza, mama yake yuko juu anawaangalia, fukuzeni tu paka na kunguru. Halafu pigeni simu kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Hiyo namba ndo wengi hawana, mimi mwenyewe majirani naandikia kwenye vikaratasi, naomba ibandikwe kila ofisi ya serikali ya mtaa pale pale kwenye mlango, pembeni ya namba ya polisi na zimamoto.

Msomaji wenu,
Mhudumu wa wanyama, Chanika, Dar es Salaam