Eksirei za galaksi yetu zinaweza kuchambuliwa hapa Mwanza

Mhariri,

Kila inapotoka habari ya shimo jeusi, magazeti yetu, hili lako likiwemo, huchapisha duara jeusi lenye mwali wa buluu na chini yake neno "picha". Tunaomba mchoro uitwe mchoro. Nyota za nutroni, yaani mabaki yaliyoshindiliwa ya nyota kubwa zilizolipuka, na mashimo meusi yanayofyonza gesi ya nyota jirani ndani ya galaksi yetu ni madogo mno, hakuna darubini ya eksirei inayoweza kuyapiga picha. Kinachotufikia ni fotoni, yaani chembe za mwanga, moja baada ya nyingine, na kila moja ina saa yake ya kufika. Uchambuzi karibu wote unafanyika kwenye saa hizo, nazo zimewekwa wazi, bure, kwa mwalimu au mwanafunzi yeyote wa Nyegezi au Igoma mwenye kompyuta mpakato.

Eksirei za angani hazifiki ardhini, hewa huzimeza zikiwa bado juu sana. Ndiyo maana setilaiti ya kwanza ya kazi hii ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru wake siku hiyo, na setilaiti ikapewa jina la Uhuru. Hili halitajwi sana mashuleni kwetu, sijui kwa nini tunawaachia wengine. Uhuru ndiyo iliyoonyesha kwamba Centaurus X-3, nyota ya nutroni, inapiga, yaani eksirei zake huongezeka na kupungua, kila baada ya sekunde 4.84, na kwamba Cygnus X-1, shimo jeusi, inapanda na kushuka ndani ya muda usiofika sekunde moja, bila mpangilio. Umuhimu wake ni huu: kitu kizima hakiwezi kubadilika upesi kuliko mwanga unavyokivuka. Katika milisekunde moja mwanga huenda kilomita 300, pungufu kidogo ya urefu wa Ziwa Victoria. Chanzo kinachobadilika kwa milisekunde hakiwezi kuzidi hapo, ilhali kinatoa nishati maelfu ya mara kuliko Jua.

Sasa kazi yenyewe. Hazina ya data inaitwa HEASARC, ya NASA. Humo mna rekodi za RXTE, setilaiti ya eksirei iliyorushwa Desemba 1995 na kuzimwa Januari 2012, na za NICER, darubini ya eksirei iliyofungwa kwenye kituo cha anga cha kimataifa mwaka 2017. Usipakue folda nzima, utamaliza bando kabla hujaanza. Kwa NICER chukua faili la fotoni zilizokwisha kusafishwa, lipo ndani ya folda ya event_cl, pamoja na faili la mzingo, yaani njia ya chombo angani, lililo kwenye auxil. Pakua kwa wget yenye alama ya -c, ili umeme ukikatika uendelee pale ulipoishia. Programu ya HEASoft, ya kuchambua data hizi, inataka Linux au Mac, na mwenye Windows ataweka Linux ndani yake. Stingray, maktaba ya lugha ya Python, inatosha kwa hesabu za masafa, yaani idadi ya mapigo kwa sekunde (hertzi).

Anayeanza aanze na Centaurus X-3 kwa data ya RXTE inayoitwa Standard-1, ambayo huhesabu fotoni kila sekunde 0.125. Mpigo mmoja unapata vihesabu, yaani visehemu vya muda vya kuhesabia, karibu 38, vinatosha kabisa. Kata rekodi vipande vya sekunde 256, piga hesabu ya Fourier, inayoonyesha nguvu ya kila masafa, kwa kila kipande, kisha chukua wastani. Kilele kitasimama karibu na hertzi 0.21, na kingine kwenye mara mbili ya hapo. Usipokiona, usikimbilie kusema faili limeharibika. Nyota hii ya nutroni hupita nyuma ya jirani yake kwa karibu nusu siku katika kila siku 2.1, na huenda umechukua rekodi ya saa hizo.

Kilele kikishaonekana, wengi hutaka kupima muda wa mpigo kwa tarakimu nyingi, na hapo ndipo wanapoharibu. Dunia inalizunguka Jua, kwa hiyo fotoni inaweza kuwahi au kuchelewa hadi kama sekunde 500 kutegemea mwezi wa mwaka. Saa zote lazima zihamishiwe kwenye kitovu cha uzito cha mfumo wa Jua kwa zana ya barycorr ya HEASoft, ukiipa faili la mzingo. Na bado hujamaliza. Nyota yenyewe inazunguka, na mzingo wake peke yake unasogeza mpigo sekunde karibu 40 mbele na nyuma. Asiyeondoa hilo atapata mpigo unaobadilika kwa milisekunde 6 au 7 kila upande, kisha atangaze kwamba nyota inapunguza mwendo.

Kwa vitu vya kasi zaidi, kosa la kawaida ni kuchagua data isiyofaa. Standard-2 ya RXTE inatenganisha vizuri nishati za fotoni lakini huhesabu kila sekunde 16, kwa hiyo kutafuta milisekunde humo ni kazi bure. Scorpius X-1, nyota ya nutroni yenye jirani, ina mitetemo isiyoshika mapigo sawasawa kati ya hertzi 600 na 1,100 hivi, iliyogunduliwa kwa RXTE mwaka 1996. Ili uione unahitaji data ya matukio, yaani ya fotoni mojamoja, yenye vihesabu vya sehemu 1/4096 ya sekunde, ambavyo vinakufikisha hertzi 2,048, na wastani wa vipande vingi. Vipande 100 hupunguza kelele mara 10, si mara 100. Kwa kipimo cha Leahy, njia ya kupima nguvu ya masafa, kelele tupu inatakiwa ikae kwenye 2. Ikikaa chini kidogo, ni kwa sababu kifaa kikishapokea fotoni hufumba kwa muda mfupi, mikrosekunde 10 hivi kwa RXTE, na chanzo kinachong'aa sana hukifumbisha mara nyingi. Usiisahihishe kwa jicho.

Mapengo nayo yana hila. Setilaiti hupita nyuma ya Dunia kila baada ya dakika 90 na kitu, na huzima vifaa vyake juu ya Atlantiki ya Kusini penye mionzi mingi. Ukijaza mapengo hayo kwa sifuri utagundua "mpigo" wa dakika 90 ambao ni wa setilaiti, si wa nyota. Chambua vipindi vizima tu.

Nje ya kompyuta pia pana kazi, ingawa ni ya mwanga wa kawaida. Scorpius X-1 ina mng'ao wa daraja la 12 hadi 13 (namba ikikua, nyota ni hafifu zaidi), hivyo darubini yenye kioo cha milimita 200 na kamera inaifikia. Mwezi Juni, kiangazi kikiwa kimeingia, hupita juu kabisa ya Mwanza usiku, nyuzi 13 tu kusini mwa utosi, yaani sehemu ya anga iliyo juu ya kichwa. Usiku usio na mbalamwezi ndio unaofaa, lakini ndio huohuo wavuvi wa dagaa wanaowasha taa ziwani, kwa hiyo ipe mgongo ufukwe au panda mlimani. Umande wa ziwa hulowesha kioo kabla ya usiku wa manane, na kitambaa hakisaidii, kinachofaa ni ukanda wa kupasha joto. Linganisha na nyota mbili jirani zisizobadilika, kisha na grafu za kila siku za MAXI, kifaa cha Wajapani kilichoko kwenye kituo cha anga.

Na daftari liandikwe kwa saa ya UTC, saa ya pamoja ya dunia. Saa 4 usiku kwetu ni 22:00, lakini kwenye rekodi ni 19:00. Tumeona madaftari ya wanafunzi yakiwa na saa za aina tatu kwenye ukurasa mmoja, na hakuna programu inayoweza kuyatengeneza baadaye.

Walimu wawili wa fizikia,
Mwanza